Sauti Nne Chini ya Jua la California: Kuinuka na Kuvunjika kwa The Mamas & the Papas

Katikati ya miaka ya 1960, katika jiji la Los Angeles na vitongoji vyake vya milimani, ulistawi mtindo wa muziki ambao wachambuzi na wakusanyaji wa santuri walikuja kuuita baadaye popu ya jua, yaani muziki wa popu wenye sauti nyingi zilizopangwa kwa ustadi, tuni nyepesi zinazoshikika upesi, ala zilizorekodiwa kwa usafi mkubwa, na maneno yanayosifu mapenzi, hali ya hewa nzuri na uhuru wa vijana. The Association, The Turtles, The 5th Dimension na Spanky and Our Gang wote waliimba kwa namna hiyo, kila kundi kwa ladha yake, na wote walifaidi njia iliyokwisha kufunguliwa na The Beach Boys, ambao nyimbo zao za ufukweni zilikuwa zimewazoesha wasikilizaji kuiona California kama nchi ya ahadi. Hata hivyo, kundi lililoupa mtindo huo sura yake ya kudumu ni The Mamas & the Papas, watu wanne ambao enzi yao ya kweli haikutimiza miaka mitatu, kwani ilianza mwishoni mwa 1965 na kufikia kikomo katikati ya 1968.

Msikilizaji wa leo anayekutana na nyimbo zao kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa zilitoka kwa watu walioishi raha mustarehe, na dhana hiyo inafaa kuondolewa mapema, kwa sababu wimbo wao maarufu kuliko zote ulitungwa katika baridi kali ya New York kwa ajili ya mtu aliyewakumbuka wa kwao, wimbo wao mwingine uliochangamka sana ulizaliwa na usaliti wa ndani ya ndoa, na upatanifu wa sauti uliowaletea sifa ulikuwa tunda la mazoezi ya saa nyingi ya watu ambao nje ya studio walishindwa kupatana. Mwangaza uliomo katika muziki wao ni wa kutengenezwa kwa mikono, na kusema hivyo si kuubeza, bali ni kuutambua kuwa kazi ya ufundi, tena ufundi wa hali ya juu.

Wote wanne walitoka katika muziki wa foku, ule muziki wa gitaa na sauti uliochota nyimbo za wakulima, mabaharia, wachimba migodi na waumini wa makanisa ya Marekani, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulijaza mikahawa ya kitongoji cha Greenwich Village mjini New York. Wapenzi wa foku hawakujifungia katika nyimbo za kwao peke yake, walitafuta pia za mbali, na ndiyo maana mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliweza kutoa albamu ya nyimbo za Kiafrika yenye "Malaika" ya Kiswahili ndani yake, ikatunukiwa Grammy ya rekodi bora ya foku mwaka uliofuata. Katika ulimwengu huo alikuwamo John Phillips, aliyezaliwa mwaka 1935 katika jimbo la South Carolina, mtoto wa ofisa wa kikosi cha askari wa majini, mtu mrefu, mwenye kipaji kikubwa cha kutunga na kupanga sauti, na mwenye tabia ya kutaka kila jambo liende atakavyo yeye. Alikuwa akiliongoza kundi la watu watatu lililoitwa The Journeymen alipokutana huko San Francisco na Michelle Gilliam, binti wa Long Beach, California, aliyekuwa hajatimiza miaka 18, na ijapokuwa John alikuwa na mke na watoto, wawili hao walifunga ndoa siku ya mwisho ya mwaka 1962.

Wengine wawili walikuja kwa njia nyingine. Denny Doherty, mzaliwa wa Halifax, Canada, alikuwa na sauti ya tena iliyo nyororo na yenye huzuni kidogo, sauti ambayo mtu huiamini kabla hata ya kuyasikia maneno, wakati Cass Elliot, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1941 kwa jina la Ellen Naomi Cohen, alikuwa na sauti nzito ya kike yenye nguvu ya kujaza ukumbi bila msaada wa kipaza sauti. Wawili hawa waliimba pamoja mwaka 1964 katika kundi la The Mugwumps, lililovunjika baada ya muda mfupi na ambalo wanachama wake wengine, Zal Yanovsky na John Sebastian, walikwenda kuunda The Lovin' Spoonful. Denny akahamia kwa John na Michelle, ambao sasa walijiita The New Journeymen, akachukua nafasi ya Marshall Brickman, kijana aliyeuacha uimbaji na ambaye baadaye aliandika filamu pamoja na Woody Allen. Cass alibaki nje, ingawa alitamani sana kuingia, kwa ajili ya muziki wenyewe na pia kwa sababu alimpenda Denny kwa penzi ambalo Denny hakulirudisha kamwe.

Mwaka 1965 kundi hilo, likiwa na fedha kidogo na kadi moja ya mkopo ya American Express, lilikwenda kujichimbia katika kisiwa cha St. Thomas, miongoni mwa Visiwa vya Virgin vya Marekani, likaishi katika mahema ufukweni na kuimba katika baa iliyokuwa kwenye kichochoro kiitwacho Creeque Alley. Cass aliwafuata huko, akafanya kazi na kuimba pembeni, lakini John aliendelea kusitasita kumpokea. Hadithi iliyosimuliwa kwa miaka mingi, na Cass mwenyewe akiwa mmoja wa wasimulizi, ni kwamba bomba la chuma lilimwangukia kichwani na baada ya kupona sauti yake ikapanda juu zaidi, hivyo ikaufikia upeo ambao John aliutaka kwa mpango wake wa sauti. Waliomjua kwa karibu walieleza baadaye kwamba hapakuwa na muujiza wowote wa bomba, bali John hakutaka mwanamke mnene katika kundi aliloliwazia kuwa la watu wa kuvutia macho, na hadithi ya ajali ilikuwa pazia la heshima lililofunika jambo lisilo la heshima. Inasikitisha kwamba mwenye sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyelazimika kusubiri mlangoni.

Walipohamia Los Angeles, mwimbaji Barry McGuire, rafiki yao wa enzi za foku ambaye wimbo wake "Eve of Destruction" ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Septemba 1965, aliwapeleka kwa Lou Adler, prodyuza na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kurekodi ya Dunhill. Adler aliwasikia wakiimba nyimbo walizokuwa wamezifanyia mazoezi kisiwani, akawapa mkataba, na kazi yao ya kwanza ikawa kuitikia nyuma ya McGuire katika albamu yake. Jina walilipata walipokuwa wakitazama kipindi cha televisheni kuhusu genge la waendesha pikipiki la Hells Angels, ambao mmoja wao alisema kuwa wanawake wao huitwa akina mama. Cass na Michelle wakalidaka neno hilo papo hapo na kujiita hivyo, na wanaume hawakuwa na budi ila kuwa akina baba.

Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa kwa ajili ya McGuire ulikuwamo "California Dreamin'", ambao John alikuwa ameutunga mwaka 1963 huko New York, usiku wa baridi, akimwamsha Michelle usingizini ili amsaidie, wakati binti huyo wa California alipokuwa akiteseka kwa theluji na kijivu cha mbingu asizozizoea. Msimulizi wa wimbo anatembea katika siku ya majira ya baridi, anaingia kanisani, anajifanya anasali, na muda wote moyo wake uko kwingine, kwenye joto. Adler na wenzake walipousikiliza upya waliona kwamba wimbo huo haukuwa wa kumpa mtu mwingine. Waliuchukua mkanda uleule wa sumaku uliokuwa na ala na waitikiaji, wakaiondoa sauti ya McGuire, wakaiweka ya Denny mahali pake, na pale palipokuwa na harmonika wakamwita mwanamuziki wa jazi Bud Shank apige filimbi ya alto. Kazi ya kufuta haikukamilika kabisa: katika toleo la stereo, yaani lile lililogawanya sauti kati ya spika mbili, anayetega sikio upande wa kushoto mwanzoni mwa wimbo humsikia McGuire kwa mbali.

Studio yenyewe, Western Recorders katika barabara ya Sunset, Hollywood, inastahili kutajwa kwa sababu bila mahali hapo na watu wake kusingekuwa na mtindo huu. Mhandisi wa sauti alikuwa Bones Howe; ngoma zilipigwa na Hal Blaine, gitaa la besi na Joe Osborn, na kinanda na Larry Knechtel, wote wakiwa miongoni mwa wanamuziki wa kukodiwa wa Los Angeles ambao majina yao hayakuandikwa kwenye majalada ya santuri nyingi walizozipiga, ingawa wasikilizaji wa miaka hiyo waliwasikia karibu kila walipofungua redio. Wimbo unafunguliwa na gitaa la P. F. Sloan, mtunzi kijana wa Dunhill, likipanda polepole kama mtu anayepiga hodi. Wanamuziki hao ndio waliozipa sauti za foku mgongo wa roki, na mchanganyiko huo, sauti laini juu ya mdundo ulionyooka, ndio ulioifanya redio ya mwaka 1966 iwasikie.

Msomaji aliyepata kuimba katika kwaya ya kanisa atauelewa haraka mpango wa John, kwa kuwa msingi wake ni uleule wa sauti nne, soprano, alto, tena na besi, isipokuwa John hakuziacha zitembee pamoja kutoka mstari hadi mstari. Alizifanya zipokezane. Denny akiutoa mstari, wanawake huurudia kwa umbo lililobadilika kidogo kabla hajaumaliza, John huingia kwa chini, kisha wote wanne hukutana kwenye neno moja na kulishikilia, na hapo ndipo msikilizaji hupata ile hisia ya kufunguliwa dirisha. Baada ya kurekodi, waliimba tena yaleyale juu ya mkanda uleule, hivyo sauti nne zikawa nane bila kumwongeza mtu. Wanamuziki huita jambo hilo kuongeza tabaka, na ugumu wake ni kwamba tabaka la pili lisipolingana na la kwanza kwa pumzi na kwa matamshi, wimbo mzima huchafuka. Waimbaji wenyewe walisimulia pia kwamba usiku walipopatana sawasawa walisikia sauti ya tano, ya juu, isiyoimbwa na yeyote kati yao, wakaipa jina Harvey, kwa kumbukumbu ya sungura asiyeonekana wa tamthilia maarufu ya Marekani. Jambo hilo lina maelezo ya kisayansi, kwani kila sauti ya binadamu hubeba ndani yake sauti ndogo za juu, na waimbaji wanapolinganisha tuni zao kwa usahihi kamili, sauti hizo ndogo hukutana, hutiana nguvu na kusikika kana kwamba zina mwenyewe.

"California Dreamin'" ulitoka Desemba 1965, ukapanda kwa mwendo wa taratibu hadi nafasi ya 4 katika chati ya jarida la Billboard mwezi Machi 1966, na kufuatiwa na "Monday, Monday", ambao wanakundi wote isipokuwa John hawakuupenda na ambao mwezi Mei ulishika nafasi ya kwanza, kisha ukawapatia tuzo ya Grammy mwaka 1967. Albamu yao ya kwanza, "If You Can Believe Your Eyes and Ears", nayo ilifika kileleni. Picha ya jalada iliwaonyesha wote wanne wamejibana ndani ya beseni la kuogea wakiwa wamevaa nguo zao, na kwa kuwa pembeni palionekana choo, jambo ambalo baadhi ya maduka ya Marekani ya wakati huo hayakulivumilia, kampuni ililifunika eneo hilo kwa orodha ya majina ya nyimbo katika matoleo yaliyofuata. Watu walipowaona kwenye televisheni walivutwa na jambo ambalo halikuwa la kawaida katika popu ya siku zile: wanawake wawili na wanaume wawili waliogawana kazi ya kuimba karibu sawa, huku Cass, ambaye John alikuwa amemwona kuwa kasoro ya sura ya kundi, akigeuka kuwa kipenzi cha hadhira kwa ucheshi wake, majoho yake marefu na namna alivyozungumza na watu kana kwamba amewakaribisha sebuleni kwake.

Nyuma ya mapazia hali ilikuwa nyingine. Tayari kabla ya mafanikio, Denny na Michelle walikuwa wameingia katika uhusiano wa kimapenzi, John akaugundua, na badala ya kundi kuvunjika hapohapo, wanaume hao wawili wakakaa pamoja na kutunga "I Saw Her Again", wimbo wa mwanamume anayerudi kwa mwanamke huku akijua kuwa hafanyi jambo jema, ambao ulifika nafasi ya 5 mwaka 1966. Katika wimbo huo Denny alipewa aimbe hadharani, usiku baada ya usiku, kisa hicho huku mume wa mwanamke huyo akiwa amesimama mita chache kutoka kwake. Wimbo huo una pia kosa linalopendwa sana na wahandisi wa sauti: kabla ya kiitikio cha mwisho sauti ya Denny inaingia mapema, inakatika, kisha inaanza upya kwa wakati wake, na Adler, badala ya kuamuru kosa hilo lisahihishwe, aliliacha kwa sababu lilisikika kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Cass naye, aliyempenda Denny tangu zamani, alilazimika kuyasikiliza yote hayo na kuyaimbia viitikio.

Kisha Michelle akawa na uhusiano na Gene Clark wa kundi la The Byrds, na mara hii John hakuvumilia. Mwishoni mwa Juni 1966, wakati kundi likiwa kileleni mwa umaarufu wake, Michelle alipokea barua rasmi iliyotiwa saini na wenzake watatu ikimjulisha kwamba hawakukusudia tena kurekodi wala kupanda naye jukwaani. Nafasi yake ilichukuliwa na Jill Gibson, mwimbaji na mtunzi aliyekuwa mpenzi wa Adler, ambaye alijifunza nyimbo zote kwa haraka, akapanda jukwaani majira hayo ya kiangazi na sauti yake ikarekodiwa katika kazi ya albamu ya pili. Gibson hakuwa mwimbaji dhaifu, na si haki kumlaumu kwa yaliyotokea, lakini hadhira ilimdai Michelle, na wenzake nao waligundua kwamba soprano ile nyepesi, ambayo peke yake haikuwa na uzito mkubwa, ndiyo iliyokuwa ikiyapa mafundo ya sauti zao mng'ao wa juu. Mwezi Agosti Michelle alirudishwa.

Kwa muda ilionekana kana kwamba kidonda kimepona. Mwaka 1967 walitoa albamu ya tatu, "Deliver", na kutoka humo "Dedicated to the One I Love", wimbo wa zamani ambao The Shirelles waliwahi kuuvumisha, ulifika nafasi ya 2 huku Michelle akiuanza peke yake kwa sauti ya chini mno, karibu ya kunong'ona, kabla ya wengine kumzingira. "Creeque Alley" uliofuata ulisimulia historia ya kundi lenyewe, ukiwataja kwa majina marafiki wa New York na kisiwani, na anayeujua usuli wake huusikia kama kitabu kidogo cha kumbukumbu. Fedha zilikuja kwa wingi. John na Michelle walinunua jumba huko Bel Air lililowahi kumilikiwa na mwigizaji Jeanette MacDonald, wakajenga ndani yake studio ya kurekodia, na studio ya nyumbani ikageuka kuwa mtego, kwa sababu kazi ambayo zamani ilifungwa na saa za kukodi ilipoteza mipaka, na dawa za kulevya zikachukua muda uliokuwa wa mazoezi. Cass, aliyejifungua mtoto wa kike Aprili 1967 na kuamua kumlea peke yake, alikuwa na nyumba katika bonde la Laurel Canyon ambayo milango yake haikufungwa kwa wanamuziki, na ni yeye aliyewakutanisha Graham Nash na wenzake David Crosby na Stephen Stills, waliokuja kuwa kundi kubwa la muongo uliofuata.

Mwezi Juni 1967 John Phillips na Lou Adler waliandaa tamasha la siku tatu katika viwanja vya maonyesho vya mji wa Monterey, kazi iliyopangwa kwa wiki chache tu. Karibu wanamuziki wote walipanda jukwaani bila malipo, isipokuwa Ravi Shankar, bingwa wa sitari kutoka India, aliyelipwa. Ili kuutangaza moyo wa msimu huo, John alikuwa amemtungia rafiki yake wa zamani Scott McKenzie wimbo "San Francisco", uliovuma Ulaya na Marekani na kuwavuta vijana wengi kuelekea pwani ile. Tamasha la Monterey ndilo lililowafungulia Otis Redding, Janis Joplin na Jimi Hendrix mlango wa hadhira kubwa ya Marekani. Mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, Hugh Masekela, alipiga humo pia. Waandaaji walijipangia kufunga usiku wa mwisho wenyewe, na ratiba ikawaweka nyuma ya Hendrix, ambaye alimaliza zamu yake kwa kulichoma moto gitaa lake mbele ya umati. Baada ya moto huo wakaingia watu wanne waliokuwa hawajaimba pamoja kwa wiki kadhaa, ambao mmoja wao, Denny, alikuwa amefika dakika za mwisho, na mafundo ya sauti ambayo studio ya Western iliyafanya kuwa safi yakatoka yamelegea. Katika saa moja hiyo umri wa muziki wao ulibadilika, kwani gitaa la umeme lenye mngurumo lilikuwa limekwisha kuwaonyesha vijana njia nyingine ya kujisikia huru, na uzuri uliopangwa kwa uangalifu ukaanza kuonekana kuwa mambo ya jana. Ni ajabu ya historia kwamba jukwaa lililowapitisha lilikuwa limejengwa na wao wenyewe.

Mnamo Oktoba mwaka huohuo walivuka Atlantiki kwa meli ya SS France, wakiwa na ahadi ya kuimba katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London. Walipotia nanga Southampton, polisi walimkamata Cass kwa madai kuhusu blanketi na funguo za hoteli moja alimokaa katika safari ya awali, akalala mahabusu, na kesho yake mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo. Katika karamu iliyofuata, Cass alipokuwa akimsimulia Mick Jagger yaliyompata, John aliingilia kati na kumsahihisha mbele ya watu kwa namna ya kumdhalilisha, na Cass, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amemeza mengi, alitoka ukumbini na kutangaza kwamba ameliacha kundi. Ziara ikafutwa. Mzozo huo mdogo wa maneno ukitazamwa peke yake hauwezi kueleza kuvunjika kwa kundi lililofanikiwa kiasi hicho, lakini ukiwekwa juu ya mlango aliosubirishwa kisiwani na juu ya penzi aliloimbia viitikio, unaeleweka vizuri kabisa.

Cass alirudi kuimalizia albamu ya nne, iliyotoka mwaka 1968, kwa sababu mkataba ulimlazimu. Katika albamu hiyo aliimba "Dream a Little Dream of Me", wimbo wa mwaka 1931, na kampuni ikautoa kama kazi ya Mama Cass akishirikiana na kundi, jina lake likitangulizwa, hatua iliyomwelekeza kila mtu mahali mambo yalipokuwa yakienda. Wimbo ulifika nafasi ya 12, naye akaanza safari ya peke yake, ingawa alichukia kuendelea kuitwa Mama Cass. John na Michelle, ambao walikuwa wamepata binti mwanzoni mwa mwaka huo, walitengana na ndoa ikavunjwa. Kampuni, sasa chini ya umiliki wa ABC, ilishikilia kwamba kundi bado lina deni la albamu moja, na ili kuepuka kesi wanne hao walirudi studio na kutoa "People Like Us" mwaka 1971, rekodi iliyotengenezwa huku waimbaji wakiingia mmoja mmoja na kuweka sauti yake juu ya mkanda, mara chache tu wakiwa wote chumbani. Ufundi wa kuongeza tabaka, uliokuwa umewafanya wanne wasikike kama wanane, sasa ulitumika kuficha kwamba wanne hawakuwapo, na masikio ya watu hayakudanganyika.

Michelle alikuja kuwa mwigizaji wa filamu na televisheni. John alipotelea kwa miaka katika dawa za kulevya, akashitakiwa, akarudi kutunga, na mwaka 1988 jina lake lilikuwa miongoni mwa watunzi wanne wa "Kokomo", uliowarudisha The Beach Boys kwenye nafasi ya kwanza. Alifariki mwaka 2001. Denny alirudi Canada, akaigiza katika vipindi vya watoto na kuandaa onyesho la jukwaani lililosimulia upande wake wa kisa hiki, kabla ya kufariki mwaka 2007. Mwaka 1998 kundi liliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, na wakati huo ni watatu tu waliokuwa hai.

Cass Elliot alikuwa amefariki London tarehe 29 Julai 1974, akiwa na miaka 32, baada ya wiki mbili za maonyesho katika ukumbi wa London Palladium, na jambo moja kuhusu kifo chake linapaswa kusemwa wazi kwa sababu uongo wake umeishi kwa muda mrefu kuliko ukweli. Habari ilienea kwamba alikabwa na kipande cha mkate wenye nyama, ikarudiwa magazetini na katika mizaha kwa miongo mingi, ilhali uchunguzi wa maiti haukukuta chakula chochote katika koo lake, na chanzo kilikuwa mshtuko wa moyo, moyo ambao huenda ulikuwa umechoshwa na miaka ya kujinyima chakula ili kuwaridhisha waliomwona mnene. Mwanamke huyu aliimba sehemu ngumu kuliko zote katika nyimbo hizo na kulipwa kwa dhihaka akiwa hai na hata baada ya kufa. Wimbo wake wa peke yake "Make Your Own Kind of Music", uliokomea nafasi ya 36 mwaka 1969, uliwarudia mamilioni ya watazamaji mwaka 2005 ulipofungua msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni "Lost", na wengi wao, wasiojua lolote kuhusu bomba, beseni wala karamu ya London, walianza kwa kuuliza jina la mwenye sauti ile.